Mama Kengele na Mtambo wa Picha

Hospitalini walimwita Mama Kengele, na jina hilo hawakumpa kwa mapenzi. Kazi yake ilikuwa kuutunza mtambo unaohifadhi picha zote za eksirei, chumba kizima cha diski zinazovuma mchana kutwa nyuma ya mlango wa chuma. Diski ikianza kuchoka, mtambo hutuma onyo. Kumbe onyo lenyewe lilikuwa likienda kwenye barua pepe ya fundi aliyestaafu zamani, na hakuna aliyejua. Diski moja ikafa, nyingine ikaifuata, picha za wiki nzima zikapotea.

Alimwona bibi mmoja aliyevunjika nyonga akipandishwa upya kwenye meza ya eksirei. Bibi aliuma shuka, kisha akauliza tu, "Ile picha ya juzi imekwenda wapi, wanangu?" Mama Kengele akarudi ofisini akajifunga kibwebwe.

Maonyo yote akayaelekeza kwenye simu, yake na za wenzake wawili. Kisha akauamuru mtambo uandike kila tendo: nani kaingia, kafuta nini, kabadilisha nini. Kumbukumbu hizo akazipeleka kwenye seva ya mkaguzi wa ndani, ambako hata yeye mwenyewe asingeweza kufuta neno.

Hapo moto ukawaka. Fundi wa mtandao, mmoja wa wale wenzake wawili, mtu wa utani lakini mwepesi wa kununa, alimjia amekunja uso.

"Dada, umekuwa polisi siku hizi? Unatuchunguza?"

"Kaka, tazama mstari wa kwanza humo. Jina la nani?"

Akainama kwenye kioo cha kompyuta. "La kwako."

"Basi. Nikiharibu, nionekane. Na wewe ukisingiziwa, utajitetea kwa kiapo?"

Fundi akaguna, akaenda zake.

Kelele ndizo zilizowashinda watu. Mtu akikosea nywila, simu inalia. Joto likipanda kidogo, inalia. Nyumbani mumewe alisukuma sahani pembeni akasema, "Mke wangu, hii ni simu au ni mume mwenzangu? Mbona inasikilizwa kuliko mimi?" Fundi wa mtandao akainyamazisha simu yake kabisa. Bosi naye akasema, "Yazime tu, mama, yametuchosha."

"Nikiyazima tutarudi kule kule. Nipe nafasi niyachambue."

Akayachambua kama mtu anayetoa mawe kwenye mchele. Kila onyo alijiuliza: hili lingemwepusha mgonjwa kurudishwa kwenye meza ya eksirei? Yale madogo aliyakusanya yaje asubuhi kwa pamoja. Alipomaliza akachomoa diski ya akiba, kujaribu tu. Simu kimya. Kumbe maonyo ya hitilafu za diski alikuwa ameyatupa pamoja na makapi. Akarekebisha, akachomoa tena, na zamu hii simu zote, isipokuwa ya fundi wa mtandao, zikalia kwa mpigo. Hajapata kuzifurahia kelele namna ile. Ndipo akamfuata fundi wa mtandao, akamwomba airudishie simu yake sauti. Fundi hakuahidi kitu.

Asubuhi moja alikuwa amempeleka mama mkwe kliniki ya macho, ghorofa ya juu ya hospitali hiyo hiyo, simu ikalia. Diski inakufa.

"Mama, nisamehe, narudi sasa hivi."

"Nenda, mwanangu. Macho yangu hayana pa kukimbilia."

Alishuka ngazi mbiombio. Mlango wa chuma ulikuwa wazi, na ndani fundi wa mtandao amepiga magoti, anafungua boksi la diski mpya kwa meno.

"Nimeliona onyo," alisema bila kugeuka. "Nimulikie hapo."

Akammulikia. Diski mbovu ikatoka, mpya ikaingia, mtambo ukaanza kuijaza taratibu. Chumba cha eksirei kiliendelea na kazi. Hakuna aliyepaza sauti, wala mgonjwa hakurudishwa mezani.

Alipopanda juu, mama mkwe alikuwa bado kwenye foleni.

"Kulikoni?"

"Diski imekufa, mama."

"Maskini! Imeumiza wangapi?"

"Hata mmoja."

"Afadhali," mama mkwe akasema, akasogea kwenye benchi ampishe akae.