Meza ya Kwanza Upande wa Steji

Trizah Akoth alikuwa na mdomo. Sindo nzima ilijua hivyo, na mji wenyewe ulikuwa umefika mahali pa kuhitaji mtu mwenye mdomo. Alizaliwa Kisegi, akaolewa Sindo, kwa hiyo akina mama wa sokoni walimwita Nyar Kisegi, binti wa Kisegi, maana huku mke huitwa kwa alikotoka. Miaka kumi na tisa aliuza omena, vile visamaki vya ziwani, kwa kopo la gorogoro katika Barabara ya Chini, ile inayotoka steji na kuteremka hadi ziwani, na katika miaka hiyo aliuona mtaa ukifa mbele ya macho yake.

Ulikufa polepole. Lami mpya ilipopita kule juu, wenye maduka waliifuata mmoja mmoja. Makufuli yakashika kutu. Mtaro ukaziba, na mvua ikinyesha maji yaliingia hadi kwa kinyozi, akawa ananyoa watu huku miguu yao iko majini. Abiria walishuka steji, wakaziba pua, wakapanda bodaboda wakaenda zao.

Basi ikaundwa kamati ya kuuamsha mtaa. Watu kumi na mmoja, mwenyekiti akiwa Mwalimu Cephas, mstaafu mwenye duka la misumari na rangi, mtu wa suti moja na maneno machache. Watano kati yao walikuja kwa ajili ya chai. Hao wengine, nisiwanyime haki yao, walifanya kazi, na hakuna aliyefanya kazi kumzidi Trizah. Jumamosi asubuhi alivaa reflekta ya njano akawatoa watu madukani waje kuzibua mtaro. Mwenye jengo mmoja alipokataa kupaka rangi, Trizah alisimama mlangoni kwake akawauliza wateja kwa sauti kama wanajua wananunua sukari kaburini. Jengo lile lilipakwa rangi kabla jua halijatua.

Mwaka haukuisha mtaa ukawa mweupe juu na buluu chini, maji yakawa yanapita mtaroni, na maduka manne yakafunguliwa upya. Kisha ikaja habari kubwa: soko la mabati lenye meza za simiti lingejengwa pale pale akina mama walipokuwa wakiuzia chini. Kila mwenye nafasi angepewa meza, kwa mpangilio ule ule waliokuwa wameketi.

Penye meza hapakosi wajanja. Kulikuwa na bwana mmoja, Monari, aliyeshikilia nafasi tano ambazo hakuwahi kuzikalia hata siku moja. Kazi yake ilikuwa kuwakodishia wengine. Kamati ikabishana saa mbili juu yake. Trizah akasimama.

"Sikieni. Mtu hatakuwa kwa nafasi yake siku ya kuandikwa, hana meza. Akuwe nani, akuwe nani. Hata akiwa mamangu."

Walimpigia makofi. Mwalimu Cephas mwenyewe alipiga meza kwa kiganja na kuandika maneno yale kama yalivyo. Trizah akaketi na kichwa kimemvimba.

Wiki mbili baadaye, mume wa Filister akafa.

Filister Auma alikuwa mtu wa Migori kwa kuzaliwa na wa bonde la Lambwe kwa ndoa. Alileta sokoni maharagwe ya bonde lile, na miaka kumi na moja alikaa kwenye kona, nafasi ya kwanza upande wa steji, ile ambayo mtu akishuka kwenye gari macho yake yanaiangukia kabla ya kitu kingine. Trizah alikaa nyuma yake. Walinywa uji kutoka chupa moja. Mmoja akienda haja, mwingine aliuza vya wote wawili. Na Trizah alipofanyiwa upasuaji akalala hospitalini wiki sita, Filister ndiye aliyemlindia nafasi.

Nafasi ililindwa kwa jiwe. Soko lile halikuwa na karatasi. Kila mama alikuwa na jiwe lake la kuketia, na akisafiri, akiugua au akifiwa, aliliacha pale pale, na hakuna aliyethubutu kukaa. Jiwe likiwepo, mwenyewe yupo. Wiki zile sita watu watatu walijaribu kulisogeza jiwe la Trizah, na Filister, mwanamke mpole ambaye hajui hata kupandisha sauti, aliwafukuza wote watatu na mwiko wa uji mkononi.

Jiwe la Filister lilikuwa jeusi, bapa, na mstari mweupe ubavuni.

Baada ya mazishi alipiga simu. "Nyar Kisegi, wazee wa huku bado hawajanifungulia. Kanisa limemaliza yake, lakini mila iko na yake. Mpaka wanitoe kwa huzuni, siwezi kanyaga soko."

"Yawa, pole sana, Nyar Migori. Itachukua muda gani?"

"Labda miezi tatu, nne. Nasikia mnaandika watu. Lakini jiwe yangu si iko hapo?"

"Iko."

"Na wewe si uko kwa kamati?"

"Niko."

"Basi mimi sina wasiwasi."

Siku ya kuandikwa ilikuwa Alhamisi, siku ya soko. Karani aliletwa kutoka nje, Kerosi, mtu makini mwenye miwani na kopo la rangi nyekundu. Aliandika jina, akachora namba chini, akasonga mbele, na Trizah akamtangulia kama mwanakamati wa eneo lile. Nafasi za Monari zilifutwa zote tano, watu wakashangilia. Wakafika kwenye kona.

"Hii ni ya nani?" Kerosi aliuliza. "Mimi naona jiwe tu."

Trizah alifungua mdomo. Mdomo ule ule uliowatoa watu madukani ulipata uzito. Aliona mambo mawili kwa pamoja. La kwanza, watu wa Monari wamesimama pale wakisubiri kuona kama mwanakamati atavunja sheria yake mwenyewe kwa sababu ya rafiki. La pili aliliona vizuri zaidi: kona ikibaki bila jina, safu nzima ingesogea mbele hatua moja, na aliyefuata kwenye safu ile alikuwa yeye.

"Hayuko," akasema.

"Hayuko leo, ama hakuna mtu?"

Neno moja lingetosha. Angesema amefiwa, na karani angeelewa, na Monari mwenyewe angenyamaza, maana hakuna mtu katika nchi hii asiyejua mjane anapofungwa nyumbani. Trizah alitazama chini.

"Hakuna mtu."

"Basi nitolee hilo jiwe nichore namba."

Aliinama akalitoa, kwa mikono yake miwili. Alilibeba hadi kando ya mtaro akaliacha kwenye rundo la mawe ya fundi aliyekuwa akiujenga, akarudi akijipangusa viganja kwenye leso. Kerosi akamwandika jina lake. Meza namba moja.

Jioni ile hakuweza kula. Alijiambia kwamba sheria ni sheria, kwamba kamati isiyo na msimamo ni kamati ya chai, na akayarudia hayo mpaka yakakosa ladha. Wiki iliyofuata kamati ilipopitia orodha, Mwalimu Cephas alisimamisha kidole kwenye karatasi. "Na yule mama wa maharagwe? Si bado yuko kwa matanga? Huyo tunaweza kumfikiria."

Mlango ulikuwa wazi kabisa. Mtu angehitaji tu kuingia. Trizah alisikia sauti yake ikisema, "Mwalimu, tukifungulia mmoja tutafungulia wote. Hata mimi inaniuma." Kumi wale walimtazama, mmoja akakohoa, wakafunua ukurasa.

Kisha ikawa lazima amwambie Filister. Alipiga simu, na hapo ndipo alipoumwaga uongo mzima.

"Nyar Migori, nimepigana. Nimepigana na hao watu mpaka nikakosa sauti. Wamenishinda."

Filister akasema, "Ero kamano, dada. Asante. Usilie. Mimi nitatafuta mahali." Ni kweli Trizah alikuwa akilia, ila si kwa sababu aliyodhani Filister.

Soko likajengwa. Lilikuwa zuri, wacha nisizunguke. Meza zilikuwa imara, taa zikawaka, miti ikapandwa kutoka steji hadi ziwani, na watu waliokuwa wakipita wakiziba pua sasa walishuka wakanunua na kunywa soda kwenye hoteli zilizofunguliwa kando. Pale kwenye kona omena ya Trizah ilikuwa inaisha kabla ya saa nane. Lakini fundi wa mtaro hakujua mawe ya nani ni yapi. Alilichukua lile jeusi kwenye rundo akalijenga kwenye ukuta wa mtaro, mstari mweupe ukaangalia nje, hatua mbili kutoka meza namba moja. Trizah aliliona siku simiti ilipokauka. Tangu siku hiyo alihamisha kigoda chake ili ageukie upande mwingine, na mteja akimwuliza mbona anakaa akiipa steji kisogo, alisema jua linamchoma. Chini ya mabati.

Wenzake wakimsifu, aliona haya. Wakimwita "mheshimiwa" kwa utani, alitamani ardhi ipasuke. Zaidi ya mara moja alishika simu aseme ukweli, akaishia kuuliza hali ya watoto.

Siku ya ufunguzi rasmi Filister alikuja. Wazee walikuwa wamemfungulia wiki ile ile. Nywele zake zilikuwa fupi zimeanza kuota, na gauni lake lilikuwa jipya. Alimkumbatia Trizah kwa nguvu mbele ya watu, na Trizah akasimama mikono imelegea kama mtu anayepimwa nguo.

Wakubwa walihutubia. Kwaya ikaimba. Mwalimu Cephas akauliza kama kuna mama yeyote wa soko mwenye neno, na kabla mtu hajainuka, Filister alikuwa ameshika kipaza sauti.

"Mimi si mtu wa kuongea," alianza. "Mimi sina meza hapa. Sheria ilinipata nikiwa kwa huzuni, na sheria ni ya wote, sina ubaya na mtu. Lakini nataka kusema asante ya mtu mmoja. Huyu Nyar Kisegi. Mimi nikiwa nimefungwa kwa nyumba, yeye alinipigania kwa kamati mpaka akakosa sauti. Huko Lambwe nimesimama kanisani nikamtaja jina. Mungu awape kila mtu rafiki kama huyu."

Akina mama walipiga vigelegele. Kwenye viti vya kamati hakuna aliyepiga makofi. Kumi wote walikuwepo. Mmoja alijifanya anasoma ratiba, mwingine akafunga kamba za viatu ambavyo havikuwa na kamba. Mwalimu Cephas alimtazama Trizah mara moja tu, bila hasira, jinsi alivyokuwa akimtazama mwanafunzi aliyemtegemea, kisha akageuza uso. Trizah alikuwa na reflekta yake ya njano, mpya, imepigwa pasi. Kama angeweza kuivua ajifunike nayo kichwa, angefanya hivyo.

Watu walipotawanyika kwenda kula, Filister alimfuata hadi kwenye kona. Alipitisha kiganja juu ya meza ya simiti, taratibu, bila wivu.

"Ni laini," alisema. "Umestahili. Sasa sikia, mimi nimepata mahali kule nyuma ya steji, kwa mchanga. Si mbaya. Nimekuja tu kuchukua jiwe yangu nikaanze nayo. Uliniwekea wapi?"

Macho ya Trizah yalifanya kile alichoyakataza tangu simiti ilipokauka: yalikwenda mtaroni. Filister akayafuata. Aliuona mstari mweupe, akatabasamu kidogo kwa kulitambua, kisha tabasamu likaishiwa nguvu.

"Yawa. Nani aliitoa?"

Hata hapo palikuwa na pa kukimbilia. Angesema fundi. Angesema karani, yule mtu wa kutoka nje asiyejua mila za mawe. Vyote vilimjia ulimini, vimepangwa tayari, na utayari huo ndio uliomtisha.

"Ni mimi," alisema. "Niliitoa na mikono yangu. Karani aliuliza nafasi ni ya nani nikasema hakuna mtu. Sikukupigania. Mwalimu alitaka kukufikiria, mimi ndio nilikataa. Nilitaka kona." Alivua reflekta akaiweka mezani. "Chukua meza. Leo hii nitaenda kwa Mwalimu, nitasema mbele ya wote."

Alisubiri kutukanwa. Alikuwa amejiandaa kwa matusi, hata kwa kofi. Angeyapokea kama dawa. Filister hakumtukana. Aliitazama ile meza, akaondoa mkono wake juu yake. Kule kwenye hema akina mama walikuwa bado wakimpungia, wakimwita aje kula, wakimsifu kwa maneno mazuri aliyosema.

"Na mimi nimekushukuru kwa kipaza sauti," alisema polepole. "Hao watu wote wa kamati walikuwa wanajua. Walikuwa wananiangalia."

Akavuta kitambaa cha kichwani akajifunika uso. Kati ya wale wawili pale kwenye kona, yeye ndiye aliyeona haya ya kupita katikati ya soko, akazunguka nyuma ya maduka, kule kusikopakwa rangi, hadi steji.