Nani Alikupinda?

Naikumbuka asubuhi moja, mwanangu, ambayo hadi leo ikinijia kichwani damu inanichemka. Nilikuwa msichana bado sijaolewa, mrefu kuliko wasichana wote wa mtaa wetu wa Nyakabiga, na nilikuwa juu ya farasi.

Usishangae. Baba yangu alikuwa fundi wa ngozi. Alishona viatu na mikoba, lakini kazi aliyoipenda zaidi ilikuwa kutengeneza matandiko ya farasi ya klabu moja pembeni ya mji. Mimi nilimsaidia kubeba, na mwalimu wa farasi pale, Mzee Kabwe, mtu wa Bukavu, alikuwa akinipandisha juu ya farasi jike mmoja mzee ili baba aone kama tandiko limekaa vizuri. Nilivaa suruali ndani ya gauni, nikapanda.

Asubuhi hiyo farasi alikataa kwenda mbele. Kila nikimwelekeza langoni, anakwenda kushoto. Bwana mmoja aliyekuwa anangoja zamu yake akaanza kucheka.

"Farasi huyu ni mujinga," akasema. "Mupige!" Akaninyooshea fimbo yake.

Mzee Kabwe akaja mbio, naye hakuwa mtu wa kukimbia. Aliishika ile fimbo akamrudishia mwenyewe. Akaniambia nishuke, akafungua tandiko, akanionyesha mgongo wa yule mnyama. Upande wa kushoto ulikuwa umevimba. Aliugusa kwa kidole tu, ngozi yote ikatetemeka.

"Farasi apana mujinga," akasema. "We unakaa upande moja. Bega ya kushoto iko chini, shingo iko mbele, mugongo iko kama upinde. Yeye anaenda kule uzito inamuvuta. Unamuumiza, na bado watu wanataka umupige!"

Nikainamisha kichwa. Hapo ndipo hasira yake ilipopanda kweli.

"Ona, umejikunja tena! We haukuzaliwa hivi. Nani alikupinda?"

Mwanangu, hakuna mtu aliyewahi kuniuliza swali hilo, na jibu nilikuwa nalo. Ni shangazi yangu Mwajuma, dada mkubwa wa baba, aliyefiwa na mume akaja kutulea baada ya mama kufariki. Tangu nianze kurefuka alikuwa akinibonyeza bega kila ninapopita. "Shuka kidogo. Nani ataoa mulingoti?" Na baba akikohoa kutaka kumzuia, shangazi anaongeza: "Samaki mkunje angali mbichi." Methali nzuri ile, wazee waliiweka kwa ajili ya kufundisha adabu. Yeye akaitumia kukunja uti wa mgongo wa mtoto! Mimi nilikuwa samaki? Nikajifunza kusimama kwa mguu mmoja, kuegemea kushoto, kuzamisha shingo, nifanane na wenzangu. Waliosema kikulacho ki nguoni mwako hawakukosea.

Nilimwambia Mzee Kabwe yote. Baba alikuwa amesimama pale pale, sindano mkononi. Alisikia kila neno.

Farasi alipumzishwa hadi mgongo ukapona, ndipo somo likaanza. Nilidhani kunyooka ni kujikaza, basi nikajikaza kama mchi, na farasi alipoanza kukimbia kidogo nikarukaruka kama bisi kwenye sufuria.

"Apana hivyo!" Mzee akapaza sauti. "Kujikunja ni makosa, kujikaza ni makosa ingine. Kalia matako yote mbili sawasawa. Kisigino chini. Bega ikae juu ya kiuno, kiuno juu ya kisigino. Pumua! Na usiangalie mikono yako. Angalia mbele, kati ya masikio yake, kule unataka kwenda."

Haikuwa kazi ya siku moja. Mwili uliozoea kupinda unaona kunyooka ndiko kupinda. Nilikuwa nikikaa sawa nahisi ninaanguka kulia. Lakini siku ilifika yule farasi akatembea kutoka uani hadi langoni bila mimi kuvuta hatamu. Mzee Kabwe alisema tu, "Ndiyo hivyo." Nikalia mbele za watu.

Wakati huo huo posa ikaja. Kijana mpole, muuza vitambaa wa Cibitoke. Nilikuwa nimemwona dukani kwake, na sitakuficha, nilimpenda. Ila alikuwa mfupi. Shangazi akanionya jikoni: "Ukipeleka chai, piga magoti. Ukiinuka, jikunje. Usituletee aibu."

Nilipiga magoti mbele ya wageni, maana heshima ni heshima, na sijaona aliyevunjika mgongo kwa kumwamkia mkubwa. Kisha nikainuka, nikasimama wima. Mama wa kijana akanitazama kutoka miguu hadi kichwa.

"Kumbe ni murefu hivi?"

"Apana," shangazi akadakia, "ni viatu."

Wote wakaangalia chini. Nilikuwa pekupeku.

Baba akaweka kikombe chake. "Dada," akasema, "mutoto wangu ni huyu. Siwezi kumupunguza kama mukanda."

Wageni wakamaliza chai, wakaaga kwa adabu, wasirudi tena. Nililia, mwanangu. Atakayekuambia kwamba kunyooka hakuna gharama anakudanganya. Shangazi alinisusa muda mrefu. Mimi nilikaa sana kabla ya kuolewa na fundi wa magari, mtu aliyenifikia sikioni, ambaye hakuona aibu hata siku moja kutembea nami sokoni.

Shangazi alipozeeka akaugua, mimi ndiye niliyemuuguza. Mchana mmoja nilimlaza chali, nikamnyoosha taratibu ili nibadilishe shuka. Miguu yake ikavuka mwisho wa kitanda. Nikaduwaa. Mwanamke niliyemjua maisha yangu yote kuwa mfupi, aliyeinama, alikuwa mrefu sawa na mimi!

Akaniona ninavyotazama. "Na mimi walinibonyezaka," akasema, macho darini. "Mama mukwe. Nilizania ndiyo kulea."

Nilimshika mkono tu. Lakini moyoni niliwaka, si kwa ajili yangu tena, kwa ajili yake. Mwanamke mzima anakwenda kaburini bila hata mtu mmoja kumwona urefu wake!

Na bado yanaendelea. Juzi hapa hapa Nyakabiga, harusini, mama mmoja alikuwa anamsukuma binti yake chini ili picha ipendeze. Nilinyanyuka kitini nikamwambia, "Mwache mtoto!" Wakasema bibi amezeeka vibaya. Waseme.

Sikia basi, mwanangu. Mwamkie mkubwa, mpishe mgonjwa, inama unapomsujudia Muumba wako. Ila usijipinde ili mtu mwingine aonekane mrefu. Na siku ukipewa mtoto wa kulea, kabla hujamwekea mkono begani jiulize unamwinua au unambonyeza. Ukiona aliyepinda, usimcheke wala usimpige. Muulize kwa upole nani alimpinda, kisha ukae umsikilize.

Mwenyezi Mungu akupe mgongo wenye afya na jicho la kuona mbali. Akukutanishe na watu watakaofurahi ukisimama. Amina, mwanangu, amina.