Mejumaa na Sungura Aliyefukizwa Udi

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, Ijumaa. Mejumaa binti Taib amepiga magoti uani kwake Kibokoni, Mji wa Kale, mkono mmoja ameutia ndani ya sanduku la majani ya chai. Anapapasa tumbo la sungura.

"Bado gumu," anasema. "Lakini hajafa. Na mimi simziki aliye hai."

Sungura huyo ni jike, mweupe pe, jina lake Bafta. Tangu Jumanne hajala wala hajapata choo, na sungura asiyepata choo hana siku nyingi. Bafta akifa, kazi ya Mejumaa nayo imekwisha. Mwenye nyumba, Bwana Akbarali, amempa hadi leo adhuhuri awe ameyaondoa masanduku yote kumi na moja.

Mejumaa ni mjane wa miaka arubaini na mitatu. Hufuga na kuuza sungura wa kukaa na watu majumbani, shilingi tatu mmoja, na mwezi ukiwa mwema huuza sita. Wa kitoweo hauzi. Alianza mwaka 1943, wakati wa vita, nyama ilipokuwa adimu na kila aliyebisha hodi sufuria yake iko motoni.

"Niliwafukuza wote," anasema. "Niliwaambia, nendeni sokoni mkapange foleni kama wenzenu. Hapa hapachinjwi."

Miaka minne amekula kwa jasho lake hivyo, na hakuna aliyemsema. Maneno yameanza wiki hii, baada ya Idi.

Bafta alinunuliwa na Bi Khairunnisa, mke wa huyo huyo Bwana Akbarali, wanaokaa ghorofa ya juu. Jumatatu ya Idi nyumba nzima ilioga, ikavaa, ikajifukiza. Bi Khairunnisa akaona si vizuri sungura abaki vivi hivi siku kubwa kama ile. Akamwogesha kwa sabuni, akamshika juu ya chetezo cha udi, akamfunika kitambaa kama afukizavyo kanzu ya mumewe. Kesho yake Bafta akarudishwa chini, ananukia kama bibi harusi, hawezi kusimama.

Mejumaa alimnusa mara moja tu, akapanda ngazi.

"Sungura haogeshwi, Bwana Akbarali. Hujisafisha mwenyewe kwa ulimi. Maji yamempiga baridi, na moshi mapafu yake hayauwezi."

Bwana Akbarali akawaka. "Ati usafi ni kosa? Udi kwangu ni baraka, Bibi. Sema sungura zako zina maradhi! Ijumaa adhuhuri masanduku yako yawe yametoka kwangu!"

Bi Khairunnisa alikuwa pale pale mlangoni. Alivuta mtandio usoni, akaingia ndani. Kufikia alasiri, habari ya maradhi ilikwisha kufika Mwembe Tayari.

"Anayesema nina maradhi na aje," asema Mejumaa huku akimdondoshea Bafta maji ya uvuguvugu mdomoni, tone kwa tone. "Uvumi hauna miguu, lakini wenye kuueneza wanayo. Mlango wangu wanaujua."

Saa mbili anaingia mteja. Ni Wekesa, karani wa reli akaaye Ganjoni, suruali nyeupe imepigwa pasi ikasimama. Anamtafutia sungura binti yake, Ketty.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, mwanangu. Karibu."

Wekesa anainama, anamnyanyua wa kwanza anayemwona, kwa masikio.

"Mweke chini! We! Hayo ni masikio, si mpini wa sufuria! Mkono mmoja chini ya kifua, mmoja chini ya matako. Hivyo. Mlaze kifuani."

Karani wa watu anatii. Anamsifu mweupe mwingine aliye pembeni. Mejumaa anaguna.

"Hununui leso, usichague kwa rangi. Tazama macho, yawe maangavu. Pua isichuruzike. Nyuma pawe pasafi. Meno yakutane sawasawa. Ukishaona hayo, kaa chini ungoje. Atakayekuja kukunusa ndiye wako. Naye ana lake la kusema."

Wekesa anaitazama suruali yake, anaitazama sakafu, anakaa. Wanapita watatu bila kumjali. Wa nne, wa kijivu, sikio moja limelala, anamwendea na kuanza kutafuna kamba ya kiatu chake. Wekesa anacheka peke yake.

"Huyu!"

"Leo humchukui," Mejumaa anamwambia. "Kamtengenezee sanduku kwanza, pahali pa kivuli. Nyasi kavu asikose mchana na usiku. Mchicha kidogo, usiwe umelowa. Joto likija, mtundikie gunia bichi kando yake."

"Lakini Mama, nasikia adhuhuri unahama."

"Nani kakwambia nahama?"

Wekesa anaaga, na Mejumaa anarudi kwa Bafta. Anamkanda tumbo polepole, duara baada ya duara. Saa tatu. Saa nne. Bafta hali wala hanywi ila kile anachodondoshewa.

Saa sita kasorobo Bwana Akbarali anateremka na wachukuzi wawili.

"Bibi Mejumaa, wakati umefika."

Mejumaa bado ameinama kwa Bafta. Ameinua gunia la sandukuni, anatazama chini yake. Kisha anasimama na kumnyooshea mwenye nyumba kiganja. Juu yake pana vidonge vitatu vyeusi, vidogo kuliko punje za kunde.

"Nini hiki?"

"Mavi, Bwana Akbarali. Ya sungura mwenye maradhi."

Wachukuzi wanaangua kicheko. Sandukuni, Bafta amelivuta jani moja la nyasi, linapungua mdomoni taratibu.

"Kodi yangu nailipa kila tarehe mosi," Mejumaa anasema, na sasa sauti yake yasikika hadi njiani. "Masanduku yangu hayaondoki. Ukitaka kuyagusa, anza na mimi."

Dirisha la juu linafunguka.

"Mwache!" Ni Bi Khairunnisa. "Ni mimi niliyemwogesha Bafta, nikamfukiza kwa mikono yangu. Mejumaa alisema kweli, nami nikaona haya kusema."

Bwana Akbarali anatazama juu, anatazama kile kiganja ambacho bado hakijashushwa. Anakohoa. Anasema kwamba, basi, atamchukua sungura wake apande naye.

"Humchukui," Mejumaa anamjibu. "Leo Ijumaa. Njoo Ijumaa ijayo, nikufundishe kumshika. Na usijipake marashi."

Wachukuzi wanageuka kuondoka. Mejumaa anawaita. Ana mpango wa kuongeza masanduku manne kabla ya joto la Kaskazi, na ukuta wa ndani una kivuli kizuri zaidi.

"Mwenye nyumba kesha walipa," anawaambia. "Haya, shikeni hapa tusogeze."