Waya na Nyaya Zake

Risasi ya kuungia nyaya ikiyeyuka juu ya makaa hutoa harufu kavu, kali kidogo, kama utomvu wa msonobari unaoungua. Hiyo ndiyo iliyokuwa hewa ya chumba chetu kule Lindi, Kibera, katika majuma yaliyotangulia Krismasi ya mwaka wangu wa tisa duniani. Dada yake baba alikuwa ametoka upande wa ziwa kututembelea kwa wiki mbili, akakaa mwaka mzima, akirekebisha redio na pasi za majirani mbele ya mlango wetu. Kwa Kijaluo, shangazi huitwa waya, nasi watoto tulimwita hivyo. Majirani zetu, wengi wao Waluhya, waliamini kwamba jina hilo limetokana na kazi yake, wakawa wanapeleka redio zao "kwa Waya" bila kuuliza zaidi. Naye hakumsahihisha mtu.

Baba, aliyekuwa seremala na mtu wa maneno machache, hakuipenda kazi hiyo. "Mwanamke na umeme, wapi na wapi?" alisema. Wazee wa nyumbani walikuwa wameshamtafutia Waya mume, mjane mwenye ng'ombe, na baba aliamua kwamba Krismasi ikipita angempandisha basi. "Sawa, ndugu yangu," Waya akamjibu bila kuinua macho. "Lakini wacha kwanza niwashe kanisa." Kanisa letu la mabati lilikuwa limemruhusu atundike balbu kumi na mbili za tochi juu ya madhabahu. Hakutaka ziwake tu, alitaka zikimbizane. Alitwaa kopo tupu la mafuta ya kupikia, akalitia mpini wa kuzungushia, akalivika karatasi, akakata katika karatasi hiyo madirisha madogo yaliyopanda kama ngazi. Kopo lilipozungushwa, vipande vya shaba vilivyoungwa na balbu viligusa bati kupitia madirisha, na kila dirisha likawasha balbu yake. "Hii ni barua," aliniambia. "Taa zinaisoma." Mtaka cha mvunguni sharti ainame, nasi tuliinama siku nyingi, mpaka nikawa naziona taa hizo hata nilipofumba macho, zikielea kama vimulimuli juu ya maji nisiyoyajua. Kazi ya kuzungusha kopo alinipa mimi.

Jioni ya mkesha, mabati yalikuwa bado na joto la jua. Baba aliketi benchi la mbele, koti limefungwa vifungo vyote. Waya alikuwa juu ya ngazi nyuma ya pazia. Kwaya ikaanza, nikazungusha, mwanga ukatiririka kutoka balbu hadi balbu, na kanisa zima likashusha pumzi moja ndefu. Kisha, katika ubeti wa pili, giza. Kiongozi wa kwaya, mzee wa kutoka Magharibi ambaye katika Kiswahili chake watu na vitu walikaa ngeli moja, akapaza sauti: "Waya ameanguka!"

Angesema *umeanguka*, ningebaki mahali pangu. Niliuachilia mpini nikakimbia. Lakini baba alikuwa amenitangulia, ameangusha benchi, akiita jina la dada yake, nisilowahi kumsikia akilitamka: "Atieno! Atieno!" Tulimkuta Waya palepale juu ya ngazi, mzima, ncha ya waya iliyochomoka akiiuma kwa meno. "Mbona mnakimbia kama kuku?" aliuliza kupitia meno hayo. Kijana mmoja wa kwaya akaangua kicheko: "Mzee, Waya ako sawa! Ni ile waya ingine!"

Kanisa likacheka. Baba alisimama akihema. Waya alipokwisha kuiunga ile ncha, baba akalitazama kopo lisilo na mtu, akalisogelea, akaushika mpini. Alizungusha polepole, kama anayepiga randa mbao ngumu, hadi wimbo ulipokwisha. Muungwana ni kitendo. Tukirudi nyumbani alisema neno moja tu: "Januari mabasi hujaa sana." Habari za mjane hazikutajwa tena.

Siku hizi naishi Kawangware, upande uitwao 46. Desemba iliyopita binti yangu alitandaza barazani uzi wa taa ndogo mia mbili, zenye rangi zote, zinazoongozwa na kompyuta isiyozidi kipande cha sabuni. Hakuna mpini; kuna maagizo aliyoyaandika mwenyewe. "Cheki, Dani!" alimwambia Waya, akimwita nyanya kwa Kijaluo; Waya sasa hutembea kwa mkongojo. Taa zikafyatuka.

"Zinakimbia mno," Waya alisema. "Nani anazifukuza?"

"Ni namba tu, Dani. Nikiiongeza, zinangojana."

Akaiongeza. Waya akatikisa kichwa. Akaiongeza tena, na tena, mpaka mwanga ukawa unatembea kama usiku ule baba aliposhika mpini, kila taa ikimsubiri mwenzake kwa uzito wa mtu asiyejua kuomba radhi.

"Hapo," Waya alisema.

Binti yangu, ambaye hakuwahi kumwona babu yake, akaihifadhi namba hiyo.