Viwavi wa Bwana Mtaalamu

Mzungu mtaalamu wa misitu aliwaomba akina mama wa kijiji chetu cha Ndalambo wamletee viwavi, apate kujua wanaishi kwenye miti gani, kabla serikali haijaamua pori lipi lifyekwe na lipi, kwa kuwa lina viwavi, liachwe. Juzi nilimkuta barazani, mama mmoja akimwekea ungo uliojaa. Viwavi walikuwa wamekamuliwa matumbo, wakachemshwa kwa chumvi na kukaushwa.

"Mama, niliwataka wazima," alisema bwana, mkono kichwani.

Mama alimgeukia mkalimani wa bwana. "Mgeni tumpe chakula kibichi?"

Akapiga goti, akapiga makofi taratibu kwa heshima, akausogeza ungo. Bwana alionja mmoja, kisha tukala wote. Sasa tunangoja ripoti. Ikisema pori letu halina viwavi na lifyekwe, msishangae: ushahidi tuliula kwa ugali.