Mazabodi Niliyoitangazia Kifo

Cheka utakavyo, ufundi naujua. Laptop ya Mwalimu Adera ilinyeshewa, nikaifungua, nikaisafisha mazabodi, ile bodi yake kuu, kwa spiriti, nikaianika na vidude vyake vyote kwenye mkeka wa kahawa ya mama. Hapa kijijini Ndama jua zuri liko pale inapoanikwa kahawa. Nikaifunga. Haikuwaka. Nikapima kwa mita ya umeme, nikatangaza:

"Mwalimu, mazabodi imekufa. Hata Mwanza hawaifufui."

Maksi za darasa zima zilikuwa humo.

Mama akaingia na ungo. "Mwanangu, nachambua kahawa nakuta huu utepe. Ni wako?"

Ulikuwa utepe unaounganisha kitufe cha kuwashia na mazabodi.

"Na wewe mama," nikafoka, "nani kakutuma uchambue kahawa leo?"

Mwalimu akauchukua, akaniwekea mbele yangu.

"Haya fundi, mfufue marehemu wako."