Mama wa Samaki na Picha Iliyofutwa

Kabla sijamfahamu dada mmoja mpiga picha, kazi yangu ilikuwa kupiga picha za harusi katika hoteli za Diani. Mchanga mweupe, bahari nyuma, bibi harusi anacheka. Kazi hiyo niliijua vizuri, nayo ilikuwa imeanza kunichosha.

Siku moja dada huyo, mzaliwa wa Msambweni aliyenizidi umri kidogo, alikuja kuazima lenzi kwangu. Akanionyesha kazi zake: mafundi wa kuchomelea vyuma wamezungukwa na cheche, matope ya vichochoro vya Ukunda yanayong'aa kwa oili, hamali amelala juu ya magunia mdomo wazi. Ni mahali ninapopita kila siku. Nilijiona kama mtu aliyekuwa akipita amefumba macho.

"Dada, nichukue siku moja twende wote," nikamwomba.

"Njoo kesho. Ila vaa viatu usivyovipenda."

Asubuhi tukaingia nyuma ya soko la Ukunda. Alinishangaza tangu hatua za kwanza. Alimsalimu kila mtu, wazee akawapa shikamoo na kungoja marahaba yao, kamera ikining'inia kifuani bila kificho. Watu walipokwisha kumzoea na kurudi kwenye shughuli zao, hapo ndipo alipoiinua.

Mwanzoni mwa kichochoro kimoja palikuwa na mama akikaanga samaki. Moshi ulimfunika hadi mabegani, jua limepenya upande mmoja, naye ameliinamia karai, uso umekunjamana kwa joto. Dada alipiga mara moja tu. Nilipoiona ile picha nikamwomba anionyeshe tena.

Yule mama akatuona. "Nyinyi! Nani kawaruhusu? Nimejaa masizi, leso imetoboka, mwataka watu wanicheke?"

Nikaanza kumweleza habari za sanaa. Dada akanigusa mkono ninyamaze, akamsogelea. "Niwie radhi, mama. Ilinipasa kukuomba kwanza." Akamwonyesha kamera, na mbele ya macho yake akaifuta ile picha.

Niliumia kama iliyofutwa ni yangu. "Pengine hutapata tena picha kama ile," nikamwambia tulipofika mbali.

"Pengine," akasema, na akaendelea kutembea.

Siku chache baadaye tulipita tena, na safari hii mama ndiye aliyeita. "Wewe mwenye kamera! Njoo leo." Alikuwa amejifunga leso mpya, amepaka wanja, amesimama wima kando ya meko kama anayepigwa picha ya kitambulisho. Nilidhani dada atapiga haraka ili kumridhisha. Kumbe alimgeuza taratibu kuelekea kwenye mwanga, akamweka sawa ushungi, akatulia, akapiga kwa uangalifu uleule.

Mama akaridhika, akarudi kwenye karai. "Sasa piga utakavyo," akasema bila kututazama. "Mimi nina wateja." Dada akampiga picha nyingine akiwa ameinama ndani ya moshi.

Alasiri tulikaa barazani kwa wazazi wake, Msambweni, tukazihariri picha kwenye kompyuta. Kwa mazoea yangu ya harusi, nikataka kumlainisha mama uso.

"Hayo masizi yaache," dada akasema. "Bila hayo anakaanga nini?"

Aliondoa rangi zote kwa sababu ndoo moja ya manjano ilikuwa ikivuta jicho. Akazidisha giza la vivuli hadi moshi ukasimama peke yake, akaitazama picha, kisha akalipunguza tena. "Ilikuwa inatisha," akasema, "na yeye hatishi." Nilitamani kuwa na jicho kama lile.

Tulimpelekea mama picha zote mbili. Ile ya leso mpya aliifurahia papo hapo, akamwita jirani aje aione. Ya pili alifuta kwanza vidole ndipo akaishika, akaitazama kwa muda.

"Huyu ni mimi?"

"Ni wewe, mama."

"Kumbe ndiyo maana mgongo hauachi kuniuma!" Akacheka mpaka machozi yakamtoka, kisha akaitazama tena.

Ya leso mpya alisema ataipeleka nyumbani. Ya moshi aliibandika pale pale kibandani, juu ya meko. Nikamnong'oneza dada kwamba mafuta yataiharibu.

"Ikiharibika tutamletea nyingine," akanijibu, na tayari alikuwa ameshafika kwa fundi viatu wa kibanda cha pili, anamuuliza habari za nyumbani.